Hame la Mbuzi wa Baba

Nayaandika haya Bwana Shamba angali hai, na nimefanya makusudi. Huku kwetu Upareni mtu akishakufa hana baya. Hata yule aliyekuwa akimpiga mke wake kila Jumamosi, siku ya mazishi utasikia alikuwa mcheshi, mpenda maendeleo, mtu wa watu. Nami najijua. Akitangulia yeye nitapanda mlima kuzika kama wengine, nitatoa rambirambi yangu, nitakula ubwabwa wa msiba na kunyamaza. Kwa hiyo acheni niseme sasa, akiwa bado na sikio la kusikia. Nasema sikio kwa sababu la kushoto limeshamwacha.

Simpendi. Nianze na hilo, msomaji asihangaike kulitafuta. Nimemjua tangu nikiwa mtoto wa shule mpaka leo nina wajukuu. Mimi nauza chakula Same mjini, karibu na stendi. Nimewahudumia madereva walevi, matapeli, wachungaji na mahakimu, na sijaona mwenye kiburi cha kumfikia yeye. Si kiburi cha fedha, maana hana. Ni kiburi cha mtu aliyezoea kuwa sahihi, na hicho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mwenye fedha huweza kufilisika.

Jina lake tunalijua wote na hakuna anayelitumia. Serikali ilimstaafisha zamani lakini cheo kiligoma kumtoka. Ukimwita kwa jina hageuki. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akimwambia, "Bwana Shamba, chai hiyo inapoa."

Alipokuwa kazini, kazi yake kubwa ilikuwa kutufokea. Alikuja na pikipiki ya serikali, akaiacha barabarani maana njia zetu ni za mbuzi, akapanda kwa miguu, na ukiliona lile shati jeupe linachomoza kwenye migomba unajua siku imeharibika. Anasimama juu ya shamba lako, mikono nyuma, anakuuliza hayo ni matuta au ni makaburi ya panya. Jirani yetu mmoja, mama wa watu, alilima kwa kuufuata mteremko badala ya kuukata. Bwana Shamba akamwambia mbele ya mumewe kwamba shamba lake lote litakutwa Ndungu, kule tambarare, likiota mpunga. Kweli mvua ikaja ikalibeba. Hakutoa pole. Alipita kesho yake, akatazama, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Siku aliyostaafu tulishukuru Mungu. Hatukujua kwamba tumeruka mkojo na kukanyaga mavi.

Sasa lazima nieleze habari ya mahame, la sivyo mgeni hatanielewa. Hame ni pale palipokuwa na nyumba na moshi na watoto, kisha watu wakahama. Milima yetu imejaa mahame. Wengine waliteremka tambarare kufuata mpunga, wengine walifuata barabara, wengine shule, wengine walikwenda kukata mkonge wasirudi. Nyumba za zamani zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Zikianguka, misimu michache tu ya mvua na kichaka kimemeza. Wajukuu wanabaki na neno moja: babu alikaa kule juu. Kule juu wapi? Mlima ni mkubwa.

Na kuna siku inabidi wapajue. Watoto wakifululiza kufa, au binti mzuri akikaa bila kuposwa, au gari la ukoo likipinduka mahali penye barabara nyoofu, wazee huketi wakasema: hatujakwenda kwa babu. Sisi ni Wakristo, Walutheri na Wakatoliki tangu enzi za mababu hao hao, na Jumapili utatukuta kanisani. Lakini mambo ya babu yana siku yake. Na lazima uende penyewe, pale pale palipokuwa na jiko lake. Ukikosea ukatambika kwenye hame la jirani, umemlisha babu wa watu, na wa kwako anakutazama na njaa yake. Tena hame likishajulikana kuwa la ukoo fulani, mtu mwingine halimi pale. Kama alikuwa akilima, anaacha. Hiyo ndiyo desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyotutoa jasho sisi.

Basi Bwana Shamba, baada ya kustaafu, akawa mtafuta mahame. Hakuna aliyemteua. Alianza na la ukoo wa mkewe, akalipata, habari zikaenea, na baada ya muda mfupi watu walikuwa wakija kumchukua kutoka Mhezi, kutoka Ndungu, hata kutoka Ugweno kule kaskazini ambako lugha yao hata haielewi. Alikuwa na nondo moja aliyoichonga ncha. Anatembea anaidunga ardhini na kusikiliza. Ikigonga jiwe la kawaida anaendelea. Ikigonga figa, anasema, sauti ni nyingine, kwa kuwa jiwe lililopikiwa miaka mingi huwa limepasuka kwa ndani. Anatazama nyasi kabla ya yote, maana palipolala ng'ombe nyasi huwa na kijani cha kuiva. Anatafuta masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini. Mwisho anachukua udongo kidogo anauweka kwenye ulimi. Nimemwona akila udongo mara nyingi kuliko nilivyomsikia akisema asante.

Alikuwa na misemo yake, na alikuwa akiirudia mpaka inachosha. "Udongo hauna ndugu," alikuwa akisema, akimaanisha kwamba udongo haumpendelei mtu. Na huu mwingine aliupenda zaidi: "Watu husahau, samadi haisahau." Vijana wa bodaboda walikuwa wakimwigiza kwa sauti ile ile ya puani. Hakujali. Alikuwa akiwatazama kama mtu anayetazama mche uliodumaa.

Ila sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Alikuwa anajua. Nilimshuhudia mara moja, nikiwa nimepanda kumwona mama, nikaombwa nisaidie kupika. Ilikuwa familia ya Ndungu, wakulima wa mpunga, ndugu kadhaa na mama yao mzee waliyempandisha kwa bodaboda akiwa amefungwa kanga kiunoni asidondoke. Walikuwa wametafuta hame la babu yao mpaka wamekata tamaa, kila mzee wa kijiji akiwaonyesha mahali pake. Bwana Shamba hakumsikiliza mzee yeyote. Alimwuliza yule mama swali moja: mama mkwe wako alikuwa akilalamika nini kuhusu nyumba yake? Mama akafikiri, akasema mkwe alizoea kulalamika kwamba huko kwao mahindi hayakauki, jua linachelewa kufika mlangoni.

Bwana Shamba akageuka, akaipa mgongo miteremko yote inayotazama mashariki, ambako wazee walikuwa wakiwapeleka siku zote, akaenda upande wa kivuli. Kabla chakula hakijaiva alikuwa amepata masale, kisha mafiga, kisha jiwe la kusagia, limelala kifudifudi chini ya majani. Akawaambia, "Mwanamke aliyehama kwa amani hulifunika jiwe lake. Aliyekimbizwa huliacha likitazama juu." Wakaligeuza. Yule mama mzee akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye lile shimo lililochimbwa na mkono wa mkwe wake. Watu wakalia. Na mimi nililia. Bwana Shamba alisubiri kidogo, kisha akauliza chakula kimefikia wapi.

Fedha hakupokea. Alisema akila chao atakuwa ndugu yao, na udongo hauna ndugu. Lakini mbuzi akichinjwa alikula mpaka anafungua mkanda, na akabebeshwa paja la kwenda nalo. Nyama, inaonekana, haikuwa na undugu.

Tena alikuwa na hili ambalo mpaka leo silielewi. Nyumba ya mtu hai aliingia bila hodi. Atakukuta unamwogesha mtoto, atakukuta unagombana na mumeo, yeye anapita tu, anavuta kiti, anauliza kwa nini kuku wanazurura, maana kuku aliwaogopa kuliko chui. Lakini kwenye hame, mahali pasipo na ukuta wala paa, alikuwa akitafuta kwanza palipokuwa mlango. Akishapaona anavua kofia, anasimama nje, anapiga hodi kwa sauti ya chini, na anangoja. Ndipo anaingia. Nilimwona akifanya hivyo siku ile ya watu wa Ndungu, na nusura nimpende.

Sasa nifike kwenye lililonileta.

Baba yangu alikuwa mtu wa haraka. Akitaka jambo, alitaka jana. Nikiwa mdogo alinunua mbuzi kabla hajawa na zizi, mbuzi wakalala jikoni, mama akawaka. Kesho yake baba alikwenda kwenye kile kipande chetu cha chini, karibu na mfereji, akaanza kujenga. Fito zilizokuwa karibu, zilizonyooka, zilikuwa masale ya mpakani. Akayakata hayo. Mtu mwingine yeyote angeogopa, maana sale ni jani la heshima, unalichukua mkononi unapokwenda kuomba msamaha, hulikati kufungia mbuzi. Baba akasema mbuzi hawajui dini. Akayachomeka kwa duara, akafunga kamba, na mbuzi wakaingia siku hiyo hiyo. Walikaa pale miaka, mpaka ugonjwa ulipowamaliza. Masale, ambayo ukichomeka hata kichwa chini yanaota, yalichipua na kuwa ua.

Baba alipofariki, mama aligeuza pale kuwa shamba la tangawizi. Weusi ule wa udongo ulikuwa ni wa kushangaza. Akaweka kibanda cha kulinda nyani, na ndani yake mafiga ya kuchemshia mahindi, kwa kuwa nyani wetu hawana mapumziko na mlinzi lazima ale. Tangawizi ile ndiyo iliyotusomesha, ndiyo iliyomwezekea mama nyumba ya bati. Kibanda kilipooza na kuanguka, mafiga yalibaki.

Tangawizi ilipoanza kupendwa, watu wakaanza kukumbuka mababu. Majirani zetu wa ng'ambo ya korongo, ukoo mkubwa, wenye sauti, walisema babu yao alikaa upande ule wa mfereji. Huenda ni kweli, mimi sikuwepo. Hawakujua ni wapi hasa, wakamwita Bwana Shamba.

Alikuja na nondo yake asubuhi, mama akiwa palizini. Hakumwuliza mama chochote. Huyu aliyemwuliza mama wa Ndungu hadi habari za jua mlangoni, kwa mama yangu hakufungua kinywa. Alizunguka. Akaona nyasi za kijani cha kuiva. Akaona masale yamekaa duara. Akadunga nondo, ikagonga mafiga yaliyopasuka. Akaonja udongo. Kisha akavua kofia, akatafuta palipokuwa mlango, na akapiga hodi kwenye zizi la mbuzi wa baba yangu.

Shauri likaenda barazani. Mimi nilipanda kutoka Same na mtoto mgongoni, nikasema nawakumbuka mbuzi wale, hata majina yao. Wakaniambia mtoto hamtolei mama yake ushahidi. Walioona zizi likijengwa walikuwa wamekufa au wamehama, na waliobaki walikuwa na binamu ng'ambo ya korongo. Ndipo mama akasimama. Si msemaji, mama yangu. Alisimama ameshika ncha ya kanga, akaeleza taratibu: masale aliyachomeka marehemu, udongo ni mweusi kwa sababu ya mbuzi, na mafiga ni yake yeye mwenyewe, alikuwa akichemshia mahindi.

Bwana Shamba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira, "Kwa hiyo mama, kila nilichokikuta mimi, umekiweka wewe?"

Watu wakacheka. Baraza zima likacheka, hata mwenyekiti akainamia meza. Bwana Shamba akamalizia kwa kuwauliza wazee kama wamewahi kumwona Mpare mwenye akili timamu akifungia mbuzi kwa masale. Wazee wakatikisa vichwa. Na kwa kweli hawakuwahi kumwona, kwa sababu baba yangu alikuwa mmoja tu.

Kipande kikaondoka. Ng'ambo ya korongo walizungushia waya, wakachinja, wakamwaga dengelua, ile pombe yetu ya miwa, wakamwita babu yao kwa majina yake yote. Kila mwaka kabla ya Krismasi, watoto wao wakirudi kutoka mijini, wanakusanyika pale. Kwa miaka yote hii ukoo mzima wenye wasomi na shemasi mmoja unayanywesha dengelua mavi ya mbuzi wa baba yangu. Ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Lakini shamba si kitu. Mama alisema hivyo mwenyewe, na alilima kwingine. Kilichomuumiza ni lile swali. Likawa utani wa kijiji. Mama akisema kisimani kwamba mtungi ule ni wake, mtu anadakia: umekiweka wewe? Akisema kwenye kikundi cha akina mama kwamba alishaleta mchango wa unga: umekiweka wewe? Watoto waliozaliwa baada ya shauri walilijua neno hilo bila kujua lilikotoka. Mama akaacha kusema mikutanoni. Akaacha kwenda mikutanoni. Nilimwomba mara nyingi aje tukae Same, akakataa, akasema akihama watasema amekimbia aibu. Alitaka jambo moja tu, na alilisema kwangu bila kuzungusha: yule mtu asimame pale pale aliposimama, mbele ya watu, aseme lilikuwa zizi. Hakutaka waya ung'olewe wala kuombwa radhi.

Mimi nilimfuata Bwana Shamba mara kadhaa katika miaka hiyo. Nilimkuta njiani, nilimkuta sokoni Same akinunua sabuni, nilimfuata hadi kwake. Jibu lake lilikuwa lile lile, samadi haisahau, na mkono akiupunga kama anayefukuza nzi. Mara ya mwisho nilimtukana. Sitayaandika niliyoyasema, maana wajukuu wangu wanajua kusoma.

Basi mwaka huu, vuli ikianza, kijana mmoja wa bodaboda alishuka kwangu na ujumbe. Bwana Shamba anaumwa, hatoki tena, na amesema: mwambie yule binti wa zizini aje.

Nilimrudisha yule kijana kwenye neno lile. Amesema zizini, au wewe ndiye unayesema? Akaapa kwamba ndivyo alivyotumwa. Nikazima jiko, nikamwachia mwenzangu wateja, nikapanda pikipiki ile ile kama nilivyo, na aproni yangu. Njia nzima nilikuwa nikimwona mama amesimama katikati ya watu na Bwana Shamba akisema lile neno kwa sauti. Nilitumaini mpaka nikaona aibu.

Nilimkuta amekaa kibarazani, amekonda, shati ni lile lile jeupe ila shingo imekuwa nyembamba ndani yake. Nikamwamkia shikamoo, kwa upande wa sikio zima. Akaitika marahaba, akainuka kwa kuegemea nondo, akaniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Hakunikaribisha hata maji.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na duara la masale, marefu, yameshonana. Katikati hapakuwa na kitu, nyasi tu, kijani cha kuiva. Akasukuma majani, akaingia, nami nikaingia. Akadunga nondo, akaizungusha, akaitoa, na akanikabidhi udongo uliong'ang'ania ncha.

"Onja," akasema.

Sikuonja. Niliutazama tu. Ulikuwa mweusi kama wa kwetu.

Akanieleza akiwa amesimama, kwa kituo, kama alivyokuwa akitufundisha matuta. Baada ya shauri neno la mama lilimkera. Akasema atalimaliza. Akakata masale, akayachomeka duara, akafuga mbuzi humo, akaweka na mafiga ya kupikia pumba, ili siku moja aje kuonyesha watu jinsi zizi lisivyofanana na hame. Alingoja. Mbuzi wakazaa, wakazaliana. Masale yakachipua. Siku moja akawatoa mbuzi wote, akaja na nondo kama mgeni, akatazama nyasi, akadunga, akaonja.

"Nusura nipige hodi," akasema. "Hapa, nyuma ya jiko langu."

Nikamwuliza ni lini hiyo. Akasema mkewe alikuwa bado hai. Mkewe alifariki mtoto wangu yule wa mgongoni akiwa anamaliza darasa la saba. Leo mtoto huyo ana mtoto.

Nikamsogelea, si kwa huruma. "Ulijua muda wote huo, na ulinipungia mkono pale sokoni."

"Nilijua."

Nikamwambia twende. Bodaboda ipo nje, kijana yupo, mwenyekiti yupo nyumbani kwake leo, tutapitia kwa mama tumchukue, aseme maneno mawili tu arudi kulala. Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Mahame niliyoonyesha watu milimani humu siyajui idadi," akasema. "Wamezika pale. Wamejenga makaburi ya sementi. Wapo waliogombana na kupatana kwa sababu ya nondo hii. Nikisema moja lilikuwa zizi, kesho kila mtu atakuja kuniuliza la kwake. Na mimi sitakuwa na la kumjibu, kwa sababu sasa sijui." Akatazama masale yake. Macho yalikuwa yamejaa maji, na sikumwamini hata tone moja. "Nikishakufa, useme wewe."

"Ukishakufa nani ataniamini? Watasema nimekiweka mimi."

Hilo lilimfikia. Aliinamisha kichwa, mkono kwenye nondo. Nilingoja. Nilingoja kwa haki kabisa, maana nilidhani mtu akishafika hapo hana pa kurudi. Kisha akainua uso, akaniuliza kama mama bado anapata tangawizi nzuri kule anakolima siku hizi. Nikautupa ule udongo miguuni pake, nikatoka.

Nikamwambia kijana anipeleke kwa mama. Nilimkuta uani, ungo mapajani, anapukuchua maharage. Siku hizi haoni vizuri, anayatambua kwa vidole maharage mabovu na kuyatupa pembeni bila kukosea. Nikaketi karibu naye. Alijua nimetoka wapi, kijana alishapiga kelele za ujumbe ule njia nzima alipokuwa akiteremka.

"Anasemaje?" akauliza.

Nikamweleza yote, habari za masale, na mbuzi, na udongo. Nikamwambia, "Amekubali, mama. Amesema ulisema kweli."

Vidole vyake vilisimama. "Amemwambia nani?"

"Ameniambia mimi."

"Kwani wewe ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua."

"Basi hajasema," akasema mama, akavuta ganda jingine.